Kutoka Mayai 20 Hadi Watoto 13: Jeni Zinavyoamua Uhai wa Viinitete vya Nguruwe

Nguruwe jike aliyekwisha kuzaa mara mbili tatu huachia mayai 20 au zaidi katika joto moja (kipindi cha kutaka dume). Akipandwa kwa wakati unaofaa, zaidi ya asilimia 90 ya mayai hayo hurutubishwa. Siku 114 baadaye anazaa watoto 13, pengine 15. Mahesabu hayo yanaonyesha hasara ya kati ya asilimia 30 na 50, na sehemu kubwa ya hasara hiyo hutokea kabla mfugaji hajajua kama mimba imeshika au la.

Wafugaji wengi huuliza: ni jeni gani inayoongeza watoto? Kabla ya kujibu, kuna swali jingine la kuuliza: viinitete vinakufa siku ya ngapi? Kila jeni hufanya kazi ndani ya mwili fulani, wa mama au wa kiinitete chenyewe, na hufanya kazi hiyo kwa kipindi fulani. Jeni inayomwezesha mama kupevusha mayai mengi haina msaada kwa kijusi kinachokosa damu ya kutosha siku ya 40. Ukishaijua siku, idadi ya jeni za kushukiwa hupungua yenyewe. Ndiyo maana makala hii inafuata kalenda ya mimba, ikihesabu siku tangu mayai yalipotoka.

Siku kumi za kwanza

Kipindi hiki kina hasara ndogo, mradi mbegu ni nzima na upandishaji umefanyika kwa wakati. Mayai hurutubishwa kwenye mirija, na baada ya siku 2 hivi viinitete vinaingia kwenye mji wa mimba vikiwa na seli 4. Ni katika hatua hiyo ya seli 4 ambapo kiinitete cha nguruwe kinaanza kuzitumia jeni zake chenyewe. Kabla ya hapo kiliishi kwa akiba aliyoiacha mama ndani ya yai. Siku ya 6 au 7 kinatoka kwenye ganda lake, kisha viinitete vyote vinasukumwa huku na huko katika pembe mbili za mji wa mimba hadi vigawane nafasi, takriban siku ya 12.

Jambo moja la kipindi hiki lina uzito kuliko linavyoonekana. Mayai hayatoki yote kwa mkupuo mmoja. Mengi hutoka mapema na machache huchelewa kwa saa kadhaa. Kuchelewa huko kidogo ndiko kutakakoamua nani aishi wiki mbili zijazo.

Siku ya 11 na 12: saa chache zinazobeba mimba nzima

Hadi siku ya 10 kiinitete ni kitufe cha milimita chache. Kisha, katika muda wa siku moja au mbili, kinabadilika kuwa mrija na baadaye uzi. Katika hatua ya mwisho kinarefuka kwa milimita 30 hadi 45 kila saa, na kufikia siku ya 16 uzi huo unaweza kuwa na urefu wa karibu mita 1, umejikunja ndani ya mikunjo ya mji wa mimba. Kurefuka kwa kasi namna hiyo hakutokani na seli kuongezeka. Seli zilezile zinajipanga upya na kubadili umbo.

Jeni inayowasha badiliko hilo inajulikana vizuri sasa. Inaitwa IL1B2. Ni nakala ya ziada ya jeni ya kinga iitwayo IL1B, iliyojirudufu katika ukoo wa nguruwe, na kiinitete huitumia kwa wingi mno katika saa za kurefuka. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, walichapisha matokeo ya kuiharibu jeni hiyo kwa mkasi wa kijenetiki wa CRISPR. Viinitete vilivyoikosa vilikua hadi kuwa vitufe, vikakwama hapo. Havikurefuka.

Kurefuka kunafuatana na kazi ya pili: kutoa estrojeni, homoni inayomjulisha mama kuwa ana mimba. Bila ishara hiyo, mji wa mimba hutuma homoni ya prostaglandini kwenye damu, nayo huvunja miili ya njano kwenye ovari, inayotoa projesteroni ya kulinda mimba, karibu siku ya 15 au 16. Projesteroni inashuka na jike anarudi kwenye joto siku ya 21 hivi. Estrojeni ya viinitete inaigeuza njia ya prostaglandini, ili imwagwe ndani ya mji wa mimba badala ya kwenda kwenye damu. Ishara haina budi kutoka pembe zote mbili. Utafiti wa miaka ya 1960 ulionyesha kwamba viinitete vikipungua chini ya 4 au 5 wakati huo, mimba nzima kwa kawaida haidumu, hata kama vilivyobaki ni vizima kabisa.

Kimeng'enya kinachotengeneza estrojeni hiyo kinatokana na jeni ya CYP19A1. Hapa utafiti umetufundisha kutokwenda mbio. Viinitete vilipoondolewa jeni hiyo, vilirefuka vizuri na mimba ikavuka siku ya 17, tofauti na walivyotarajia wengi. Iliharibika baadaye, inapokaribia siku ya 30. Kumbe estrojeni ya kiinitete si ishara ya siku moja tu. Inahitajika pia kwa ajili ya kuimarisha mimba wiki mbili zinazofuata.

Sasa turudi kwenye yale mayai yaliyochelewa. Siku ya 11, ndani ya jike mmoja, unaweza kukuta kitufe kidogo kando ya uzi mrefu, na wote ni wa baba na mama mmoja. Vilivyotangulia vinatoa estrojeni, na estrojeni hiyo inabadilisha majimaji ya mji wa mimba kwa wote. Mazingira mapya yanavifaa vilivyo tayari. Vilivyobaki nyuma yanaviangamiza. Kwa hiyo kifo cha siku ya 12 mara nyingi hakitokani na kasoro yoyote katika kiinitete kilichokufa. Kilichelewa tu.

Nguruwe wa Meishan wa China wanaliweka wazi jambo hili. Kwa muda mrefu walijulikana kuzaa watoto 3 hadi 5 zaidi ya nguruwe wa Ulaya, huku idadi ya mayai ikiwa haitofautiani sana. Viinitete vyao hukua polepole zaidi, vina seli chache siku ya 12, na hutoa estrojeni kidogo. Mabadiliko ya mji wa mimba yanakuja kwa upole, na wachelewaji wanapata muda wa kuwafikia wenzao. Anayedhani kiinitete kinachokua haraka ndicho bora atashangazwa na Meishan: kwao, mwendo wa pole ndio unaookoa wengi.

Jeni iliyopata umaarufu: ESR

Mwaka 1996 kundi la watafiti likiongozwa na Max Rothschild wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa lilitangaza kwamba jeni ya kipokezi cha estrojeni, ESR, iliyoko kwenye kromosomu ya 1, inahusiana na ukubwa wa mzao. Kipimo chenyewe ni chepesi. Unakuza kipande cha DNA chenye herufi 120, unakiweka pamoja na PvuII, kimeng'enya kinachokata DNA penye mfuatano fulani wa herufi, kisha unapitisha kwenye jeli. Jeni hiyo ina aina mbili, yaani aleli mbili. Aleli A haikatwi, kwa hiyo unaona mstari mmoja wa 120. Aleli B inakatwa na kutoa vipande vya 65 na 55. Mwenye mistari yote mitatu ana nakala moja ya kila aina.

Katika ukoo uliochanganywa nusu Meishan, jike mwenye B mbili alizidi mwenye A mbili kwa watoto 2.3 katika mzao wa kwanza. Takwimu hiyo ndiyo iliyosambaa, na ndiyo inayowapotosha watu mpaka leo. Ilipopimwa katika koo zenye asili ya Large White, nguruwe wa Ulaya, faida ilikuwa karibu watoto 0.4 kwa kila nakala ya B katika mzao wa kwanza, na pungufu kidogo katika mizao iliyofuata. Katika makundi mengine faida haikuonekana kabisa.

Sababu yake inafaa ieleweke vizuri, kwa kuwa inagusa karibu kila "jeni ya uzazi" unayoweza kuuziwa. Sehemu inayokatwa na PvuII haijathibitishwa kuwa ndiyo inayofanya kazi. Ni alama iliyo jirani na badiliko lenyewe kwenye kromosomu. Katika ukoo mmoja alama na badiliko husafiri pamoja. Katika ukoo mwingine yalikwisha kutengana vizazi vingi vilivyopita, na alama imebaki peke yake bila faida. Jeni ya kipokezi cha prolaktini, PRLR, kwenye kromosomu ya 16, na RBP4 ya kromosomu ya 14, inayohusika na kusafirisha vitamini A, zilipita njia ileile: matokeo mazuri hapa, hafifu pale.

Kuna pia suala la hesabu. Mizao ya majike wa kundi moja hutofautiana sana. Mkengeuko wake wa kawaida (kipimo cha kutawanyika kutoka wastani) ni watoto 3 hivi. Ili uitambue kwa uhakika tofauti ya watoto 0.4 kati ya makundi mawili, unahitaji mizao zaidi ya 800 kila upande. Anayesema ameona faida ya jeni kama hiyo katika majike 20 ameona bahati.

Aleli zinazoua

Hapa jeni moja kweli ina nguvu, na kwa maoni yetu hapa ndipo vipimo vya DNA vinapolipa gharama yake.

Baadhi ya jeni ni za lazima kwa kila seli. Mnyama mwenye nakala moja iliyoharibika, yaani mbebaji, anaishi vizuri, maana nakala ya pili inatosha. Wabebaji wawili wakipandishwa, robo ya viinitete hupata nakala mbovu mbili na kufa. Mwaka 2019 watafiti wa Uholanzi, wakiongozwa na Martijn Derks, walieleza vipande vitano vya kromosomu vya aina hiyo katika koo mbili za kibiashara. Kwa vinne walitambua jeni husika: POLR1B, URB1, TADA2A na PNKP. Mbili za kwanza zinahusika na utengenezaji wa ribosomu, viwanda vya protini ndani ya seli. Kiinitete kisichoweza kuunda ribosomu zake hakiwezi kwenda mbali baada ya akiba ya mama kuisha. PNKP hukarabati DNA iliyokatika.

Wabebaji walifika hadi asilimia 13.4 ya kundi kwa kipande kimoja, na mizao ya mbebaji kwa mbebaji ilipungua kwa asilimia 15.1 hadi 21.6. Kwa nini isiwe asilimia 25 kamili? Kwa sababu baadhi ya viinitete vilivyokufa vingekufa hata hivyo, na vinapoondoka mapema vinaacha nafasi kwa ndugu zao. Kadiri kifo kinavyotokea mapema, ndivyo hasara inavyofidiwa na wanaobaki.

Mtu anaweza kuuliza aleli mbaya kiasi hicho imeeneaje. Nyingine zimepanda kwa bahati, kupitia dume mmoja aliyetumiwa sana. Nyingine zina faida iliyofichika. Katika ukoo mmoja wa kibiashara kuna pengo la herufi takriban 212,000 kwenye kromosomu ya 18, linalokata jeni ya BBS9 na kuvuruga jirani yake BMPER. Mwenye pengo hilo mara mbili hufa akiwa kijusi, katikati ya mimba au baadaye. Mwenye nakala moja hula zaidi na kukua haraka zaidi. Mfugaji anayechagua madume kwa kasi ya kukua anajikuta anawachagua wabebaji, kizazi hadi kizazi, bila kujua. Katika kundi lililochunguzwa walikuwa karibu asilimia 11.

Aleli hizi zinaeleza pia sehemu ya nguvu ya chotara. Kila ukoo una aleli zake mbovu, na si zilezile za ukoo mwingine. Large White na Landrace, aina nyingine ya Ulaya, wakichanganywa, nakala mbili mbovu hazikutani. Kupandisha ndugu kwa ndugu kunafanya kinyume chake, na mizao inapungua hata kama majike wanalishwa vizuri.

Kasoro nyingine ya urithi haimo ndani ya jeni yoyote. Nguruwe ana kromosomu 38. Wakati mwingine kromosomu mbili hubadilishana vipande. Dume mwenye badiliko hilo anaonekana mzima, anapanda vizuri, na mbegu zake chini ya hadubini hazina kasoro, lakini nyingi zina kipande pungufu au cha ziada. Viinitete vinavyotokana nazo hufa mapema, na mizao yake inaweza kushuka hadi karibu nusu. Katika uchunguzi wa madume wa uhimilishaji nchini Ufaransa, takriban dume 1 kati ya 200 alikutwa hivyo. Kipimo cha jeni moja moja hakiwezi kumgundua. Inahitajika picha ya kromosomu kutokana na damu.

Baada ya siku ya 30: nafasi

Viinitete vilivyoshika sasa vinagombea eneo la kondo. Kila kijusi kinahitaji urefu wake wa mji wa mimba, na jirani hawezi kusogezwa. Kuanzia takriban siku ya 35 mifupa huanza kukomaa. Kinachokufa kabla ya hapo kinanyonywa kabisa na mwili wa mama, na kinachokufa baadaye hukauka na kutoka kama mumia siku ya kuzaa.

Chuo Kikuu cha Nebraska kilianza mwaka 1981 kuchagua nguruwe kwa idadi ya mayai na uhai wa viinitete kwa pamoja. Vizazi kadhaa baadaye mayai yaliongezeka mno, watoto wakaongezeka kwa kiasi kidogo zaidi, na walizaliwa mumia na wafu wengi kuliko kundi la kulinganishia. Urithikaji (sehemu ya tofauti kati ya wanyama inayotokana na jeni) wa idadi ya mayai ni karibu 0.3, ule wa ukubwa wa mzao karibu 0.1 tu. Mayai yanaitika uchaguzi upesi. Mji wa mimba unachelewa.

Uwezo wa mji wa mimba una jeni zake. EPOR, kipokezi cha homoni inayochochea chembe nyekundu za damu, imehusishwa nao. Kijusi kinachotengeneza damu mapema kinasafirisha oksijeni vizuri zaidi kupitia kondo dogo. Meishan tena wana njia yao: wakati kondo la Yorkshire, nguruwe wa Ulaya, linazidi kutanuka mwishoni mwa mimba, la Meishan linabaki dogo na kuongeza wingi wa mishipa ya damu. Kijusi kinapata chakula chake bila kumnyang'anya jirani eneo. Mwaka 2014 ilibainika pia kwamba baadhi ya nguruwe wa Ulaya wana kipande cha asili ya Asia chenye jeni ya AHR, masalia ya uchanganyaji wa zamani, na wenye kipande hicho huzaa zaidi.

Kwa kuwa jeni nyingi huchangia kidogo kidogo, wazalishaji wakubwa wa mbegu hawachagui tena kwa jeni moja. Wanasoma alama 60,000 hivi kwa kila mnyama na kuzijumlisha katika thamani moja ya uzazi. La muhimu zaidi ni lengo lenyewe. Denmark ilihama mwaka 2004 kutoka jumla ya waliozaliwa kwenda kwa walio hai siku ya tano, kwa sababu jumla kubwa pekee ilikuwa inaleta watoto wadogo wasioishi.

Kusoma kumbukumbu kabla ya kupima DNA

Tazama kwanza siku ambazo jike anarudi kwenye joto. Akirudi siku ya 18 hadi 24, mayai hayakurutubishwa au viinitete vilipungua mno kabla ya ishara ya siku ya 12. Akirudi siku ya 25 hadi 38, ishara ilitolewa na mimba ikaharibika baadaye. Kabla ya kulaumu jeni, angalia hali ya hewa ya joto kali na ugomvi: majike wasichanganywe kundi jipya kati ya wiki ya kwanza na ya nne ya mimba.

Mumia wapime kwa rula, kuanzia utosini hadi mwanzo wa mkia. Zidisha sentimita kwa 3, kisha ongeza 21; hiyo ndiyo takriban siku kilipokufa. Mumia wa sentimita 10 alikufa karibu siku ya 51, wa sentimita 17 karibu siku ya 72. Wakiwa wa urefu tofauti tofauti katika mzao mmoja, hasa kwa majike wa mzao wa kwanza, shuku parvovirusi kwanza, maana huhama kutoka kijusi hadi kijusi. Wakijirudia kwa wazazi fulani tu, wa umri unaokaribiana, na majike wamechanjwa, hapo urithi unastahili kuchunguzwa.

Mizao midogo bila mumia inaashiria kifo cha kabla ya siku ya 35. Panga kumbukumbu kwa dume, si kwa jike peke yake. Dume akiwa na mizao 10 kwa majike tofauti, wastani wake una kosa la takriban mtoto 1. Akiwa chini ya wenzake kwa watoto 4 au 5, mtoe kwenye upandishaji na upeleke damu yake ipimwe kromosomu. Akiwa chini kwa majike wa ukoo mmoja tu na sawa kwa wengine, kinachoshukiwa ni aleli inayoua, na sampuli zitoke kwake na kwa majike hao.

Kwa sampuli ya nywele, ng'oa 20 hadi 30 pamoja na mizizi yake, maana DNA imo kwenye mzizi. Nywele zilizokatwa kwa mkasi hazifai. Ziweke kwenye bahasha ya karatasi, zikiwa kavu, na andika namba ya mnyama kabla ya kumgusa anayefuata. Jike mbebaji mwenye sifa nzuri hana haja ya kuchinjwa: mpandishe kwa dume asiye mbebaji, na hakuna kiinitete kitakachokufa kwa aleli hiyo. Nusu ya watoto watakuwa wabebaji, kwa hiyo wapime tu wale utakaowabakiza kwa uzazi.